Mawingu ya Saa Tisa

Bwenini, 9 Februari

Mjomba mpendwa,

Pokea shikamoo mbili, moja ya leo na nyingine ya mwezi uliopita ambayo niliikalia. Mimi ni mzima, ila chakula cha bweni kimenipunguza mpaka sketi inazunguka yenyewe kiunoni. Mama naye mzima. Amepata kazi ya kushona mapazia ya ukumbi mzima wa mikutano, na ile cherehani yake ya zamani imeanza tena kuruka nyuzi. Anaitukana asubuhi, jioni anaibembeleza. Anakusalimu sana na anauliza utaoa lini. Mimi nimetumwa tu, usinikasirikie.

Sasa habari yenyewe. Nimejiunga na Klabu ya Mawingu. Usicheke. Shule imetutaka kila mmoja achague shughuli ya kujitolea nje ya masomo. Kuna wanaokwenda kuwafundisha watoto wadogo kusoma, kuna kwaya, kuna bustani, kuna huduma ya kwanza, na kuna sisi. Mara tatu kwa siku, saa tatu, saa sita na saa tisa, mmoja wetu anapanda ngazi hadi juu ya paa la stoo, paa lile la zege lililo tambarare, anatazama mbingu dakika kumi na kujaza kadi. Mwisho wa mwezi kadi zinatumwa kwenye ofisi ya hali ya hewa ya kanda. Mwalimu wa Jiografia alipotaja ofisi hiyo nusura nipige kelele, maana ndiyo ofisi yako.

Mwalimu ana daftari ambalo kila mwanachama anaandika mstari mmoja: kwa nini umejiunga. Kisha anaisoma mistari hiyo mbele ya wote bila kutaja jina, ingawa tunajuana. Redio, yule rafiki yangu asiyenyamaza, aliandika kwamba anataka cheti kwa sababu vyuo vinapenda vyeti. Twiga, yule mrefu wa bweni letu, aliandika kwamba wanaopanda paani saa tatu hawafagii uwanja. Kiranja mkuu akaandika anataka kuitumikia jamii, na Mwalimu akauliza, "Jamii imekutuma lini?" Tulicheka mpaka tukalala juu ya madawati. Mimi sikuandika kitu. Nilisema bado nafikiri, naye akasema daftari halina haraka.

Niandikie upesi. Na uniambie hayo mawingu yanatazamwaje, maana mimi naona pamba tu.

Mpwa wako,
Chiriku

*

Ofisini, 2 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, zote mbili. Mwambie dada yangu kwamba nitaoa nitakapompata mwanamke atakayekubali kupewa kisogo kila siku na mume anayekagua kipima mvua. Cherehani aitie mafuta, matusi haiyasikii.

Habari yako imenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Humu ofisini tuko watatu, kwenye ukingo wa kiwanja cha ndege kidogo kinachopata ndege mbili kwa siku, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mawingu yanatazamwaje. Basi sikiliza. Usitafute sura ya mtu wala ya ng'ombe. Tazama ukingo wa wingu, kama ni mkali au umechanika. Kisha igawe mbingu vipande vinane, na kwa jicho la haraka useme ni vingapi vimefunikwa. Usihesabu mara mbili, utaanza kubishana na nafsi yako. Mawingu ya juu kabisa ni yale membamba kama nywele zilizochanwa. Hayo hayana haraka, nawe usiwe nayo.

Kila asubuhi ninaachia puto moja jeupe. Ninalifuata kwa darubini, nikiandika linakopelekwa na upepo, mpaka linakuwa dogo kama punje ya mchele na kisha halipo. Ninabaki nimeinama pale nikitazama mahali lilipokuwa. Mwenzangu wa mezani husema ninasinzia. Sisinzii, lakini siwezi kukuambia ninakuwa wapi.

Mimi pia nimejiunga na jambo. Kila Jumamosi nakwenda kwenye nyumba ya majeruhi iliyo ng'ambo ya kiwanja, wanakotunzwa watu walioumia ajalini, wanafundishwa upya kukaa na kushika kijiko. Tuko watu kama kumi, wengi wetu wanafunzi wa chuo, tunawasomea magazeti. Hapo mlangoni nako kuna daftari la sababu. Nimeandika "kupitisha Jumamosi". Usiniulize zaidi.

Mjomba wako

*

Bwenini, 30 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma chini ya dawati, kisha juu ya paa, kisha Redio akainyang'anya akaisoma kwa sauti ya mtangazaji. Twiga alikuwa na homa lakini amepona. Mama amemaliza nusu ya mapazia. Anasema nyumba nzima imejaa kitambaa, anatembea humo kama mtu aliyepotea ndani ya nguo yake.

Nimeielewa siri yako. Umepata mchumba. Mwanamume haanzi kusoma magazeti ya watu wengine kila Jumamosi bila sababu yenye macho mazuri. Ni muuguzi? Ni mmoja wa wasomaji? Sitamwambia Mama, ila nataka kujua amevaaje.

Nimeomba zamu ya saa tisa iwe yangu kila siku, na wenzangu wamenishukuru kwa sababu saa hiyo jua linachoma. Sijui nikuelezeje kulivyo huko juu. Shule nzima imelala. Hata kengele imelala. Zege lina joto chini ya miguu, upepo unakuja kidogo kisha unasahau kwa nini umekuja. Barabara kuu inapita mbali, nyuma ya ukuta, na kutoka paani unaiona yote, kuanzia inapotokea kilimani mpaka inapoingia kwenye miti. Malori yanapita madogo kama viberiti, na sauti yake inafika baadaye, yenyewe yameshaondoka. Nikikaa dakika kumi hizo naona kama mwili umebaki chini na mimi niko mahali pengine, sina njaa, sina mtihani, sina hili wala lile. Napenda sana, Mjomba.

Sasa nina swali, nakuomba usilipige chenga. Umesikia lolote kuhusu Baba? Imetimia miaka miwili na miezi mitatu tangu apande lori lake kuelekea upande wenu, akasema atarudi baada ya siku nne. Mama anasema amepata mke mwingine. Halii, hagombi, analisema tu hivyohivyo akikata uzi kwa meno. Miezi ile ya kwanza watu walikuwa wanatuletea habari, ameonekana hapa, ameonekana pale. Sasa hata majirani wamechoka. Wewe unaishi kwenye njia ileile aliyokuwa akipita kila wiki. Lazima umesikia hata neno moja.

Mpwa wako,
Chiriku

*

Ofisini, 11 Mei

Chiriku,

Marahaba. Nimekawia, nawe umeona. Mvua zilizidi, kipima upepo kilivunjika shingo, ikabidi nipande mlingoti mwenyewe na umri huu. Mchumba hayupo. Kama angekuwepo ningekuandikia amevaaje, maana najua ungenisumbua mpaka niseme.

Kadi za shule yenu za mwezi wa nne zimefika. Mimi ndiye ninayezipanga kabla hazijaingia kwenye jedwali. Wenzako wanajitahidi. Huyo anayeandika kwa wino wa zambarau ana jicho zuri sana. Kisha nikafika kwenye kadi ya tarehe kumi na saba, saa tisa, kwa mwandiko ninaoujua tangu ulipokuwa ukiandika namba nne imelala. Nainakili kama ilivyo: "Jumla kumi na moja. Vichwa vya bluu viwili. Turubai la kijani moja, halikusimama."

Mpwa wangu, nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Nimeona mawingu ya kila namna, mengine sikuyaamini mpaka nikamwita mwenzangu ayaone. Lenye kichwa cha bluu na turubai la kijani, nalo lisisimame, hilo sijawahi.

Nilicheka. Mwenzangu akauliza nacheka nini, lakini kicheko kilikuwa kimeshakatika. Kadi nimeiweka mfukoni kabla msimamizi hajaiona. Kwenye jedwali nimeacha nafasi tupu.

Ulichoniuliza, sina la kukuambia.

Kesho ni Jumamosi, nitakwenda kuwasomea. Kuna mmoja anayetaka kurasa za michezo tu, na nikiruka hata jina la mchezaji wa akiba ananirudisha nyuma. Msalimu dada yangu. Mwambie namkumbuka.

Mjomba wako

*

Bwenini, 26 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima, wote wazima. Nimemaliza salamu.

Nilipoisoma barua yako niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa na kadi mbili mkononi siku ile, moja ya mawingu na moja yangu mwenyewe, nikaitia katika bahasha isiyo yake. Hiyo ya mawingu nimeikuta ndani ya kitabu cha historia, nakuletea: vipande vitano kati ya vinane, ukingo mkali. Hiyo ni ya kweli. Nyingine nyingi si za kweli. Nilikuwa naitupia mbingu jicho moja mwishoni kabisa nikishuka ngazi, au naangalia alichoandika mwenzangu wa saa sita na kuongeza kipande. Nisamehe, najua ni kazi yako.

Basi umejua nilichopandia. Siku ya kwanza Mwalimu alitupandisha wote tuone, wenzangu wakainua vichwa, mimi nikaiona barabara. Nikajiunga papo hapo. Lori la Baba lina kichwa cha bluu na turubai la kijani. Kuna mengi ya hivyo, kumbe. Kila likitokea kilimani linachukua karibu dakika moja kufika kwenye miti, na dakika hiyo nzima ninaota kwamba litapunguza mwendo. Najua dereva hawezi kuniona. Hata hivyo ninasimama wima na kunyoosha sketi.

Nimeandika kwenye daftari. Niliandika: "Nilijiunga ili nione barabara. Namtafuta baba yangu." Mwalimu alipofika kwenye mstari wangu hakuusoma. Aliniita pembeni baadaye. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Mawingu usiyoyaona usiyaandike, mama. Andika 'sikutazama', kuna safu yake. Dakika tano barabara, dakika tano mbingu. Tumeelewana?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya, ni saa tisa kasoro, panda."

Na sasa wewe. Umeandika "sina la kukuambia". Mtu asiyejua huandika "sijui". Wewe ndiye uliyenifundisha kupima maneno kabla ya kuyaandika, nilipokuwa darasa la tatu na nikamwandikia Mama kwamba nimekufa kwa njaa. Kwa hiyo unajua. Niambie.

Chiriku

*

Ofisini, 5 Julai

Chiriku,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi. Mimi ni mzima. Ukungu umekuwa mzito wiki hizi, puto linamezwa kabla sijaweka jicho kwenye darubini. Kadi zako za mwezi wa tano ni nzuri, "sikutazama" sita, na zilizobaki nimeziamini.

Soma kwa bidii.

Mjomba wako

*

Bwenini, 18 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Nilidhani barua yako imekatika, nikageuza karatasi kutafuta upande wa pili.

Tunafunga shule tarehe mbili mwezi wa nane. Sitakwenda nyumbani moja kwa moja. Nimemwambia Mama kwamba klabu ina kazi wiki ya kwanza ya likizo, na Mama ameamini kwa sababu tangu zamani sijamdanganya. Nitakwenda pale kilimani malori yanapopumzika kabla ya mteremko. Nitauliza dereva mmoja baada ya mwingine. Kama hawamjui hapo nitapanda lori niende mbele, kituo kwa kituo, mpaka nimpate anayemjua. Redio anasema nina wazimu, naye hajawahi kumwambia mtu hivyo kwa sauti ndogo. Usiniandikie kunionya. Kama una kitu kingine cha kuandika, kiandike kifike kabla ya tarehe mbili.

Chiriku

*

Ofisini, 22 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nampa rubani wa ndege ya kesho asubuhi, amenihakikishia kwamba itakufikia mkononi. Usiende kilimani. Usipande lori la mtu. Baba yako hayuko barabarani.

Yuko hapa. Yuko kwenye nyumba ya majeruhi, kitanda cha pili kutoka dirishani, miaka miwili na miezi saba sasa. Lori lilishindwa breki kwenye mteremko wa huku kwetu, likalala ubavu. Hakuumia mtu mwingine. Yeye waliomtoa humo walidhani wanatoa maiti. Alipoulizwa ndugu yake nani, akataja jina langu. Nilikimbia kutoka ofisini nikiwa na kalamu ya jedwali mkononi.

Miguu yote miwili haisikii kitu. Siku ya tisa, alipopata nguvu za kusema zaidi ya jina, aliniapisha. Akasema, "Shemeji, mwambie dada yako nimeondoka. Mwambie nina mwanamke. Atakasirika, na akikasirika ataendelea na kazi zake. Akijua hivi ataacha kila kitu aje anibebe." Nilikataa. Akaacha kula. Siku ya nne ya kutokula nikaapa, naye akamega mkate. Nilifikiri ni kwa mwezi mmoja, mpaka akili imtulie. Mwezi ukazaa mwingine. Huo uongo wa mwanamke sikuwahi kuutamka. Dada yangu aliutunga mwenyewe na mimi nikaunyamazia, na kwangu hilo ni baya zaidi.

Unaniuliza tangu Machi kwa nini nasoma magazeti. Ningekwenda tu kumtembelea, wenzangu wa ofisini wangeuliza ni nani wangu, na habari ingefika kwenu. Ndiyo maana nikajiunga na wasomaji, nikawa ninawasomea wanane ili nikae na mmoja. Hiyo ndiyo sababu yangu, na mle daftarini haimo.

Wako wanafunzi wa chuo pale ambao kila mwaka huja kwa ajili ya cheti. Mmoja, msichana mwenye miwani, alimwambia baba yako waziwazi siku ya kwanza, "Mzee, mimi nahitaji saa arobaini, chagua ukurasa." Baba yako alicheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka mle ndani. Kuna wengine wanaokuja na uso wa msiba, wanamshika mkono kabla hajaomba, hao akiwaona hufumba macho akajifanya amelala. Huyu wa cheti anamngojea. Saa zake arobaini zilitimia mwezi wa tatu, na Jumamosi iliyopita alikuja tena, wakabishana habari za golikipa mpaka muuguzi akawanyamazisha.

Sasa nikuambie ninaloona aibu nalo. Kadi zako namsomea. Nilianza na ya Februari, nikamwambia tu ni za shule moja, kwa kuwa wagonjwa wengine nao hupenda kusikia habari za mbinguni, wamelala wanatazama dari mwaka mzima. Akaniomba nirudie. Alikuwa ametambua jina la shule. Tangu hapo kila mwezi ananidai kadi, anafumba macho, na mimi nasoma: saa tisa, vipande vitatu, membamba, yanakwenda mashariki. Anabaki hivyo muda mrefu. Sijui anakuwa wapi, lakini uso wake unalegea.

Ile ya malori sikutaka kumsomea. Aliiona mfukoni. Nikasoma. Alifumba macho mpaka nikadhani amesinzia kweli. Kisha akasema, "Lile la kijani silo. Langu lilikuwa na kiraka kikubwa cheusi upande wa kushoto. Angenitafuta kwa kiraka." Akageukia ukutani, akalia, na mimi nikakaa pale na gazeti limefunguka magotini.

Hata baada ya hapo niliendelea kushika kiapo. Hebu fikiri mimi ni mtu wa namna gani. Ulipoandika kwamba utapanda malori ya watu, nilikwenda leo asubuhi, si Jumamosi, nikamwambia: nimevunja kiapo, naandika leo. Alikasirika. Aliniita majina ambayo hata madereva huyaacha barabarani. Nilipofika mlangoni akaniita. Akauliza, "Huko paani kuna ukuta? Au anaweza kuanguka?"

Nimemwambia nitakuuliza.

Mama yako mwambie wewe, au ningoje nije mimi. Utakaloamua nitalifuata. Nimekukosea, nimemkosea dada yangu, na sina neno la kujitetea.

Mjomba wako

*

Nyumbani, 10 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie Baba ukuta upo, unafika kiunoni.

Barua yako niliisoma paani. Rubani wako alimpa mlinzi wa getini, na mlinzi akanifuata mpaka chini ya ngazi. Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka kwamba nilijaza kadi, kwa sababu Redio ananiambia nilijaza, vipande viwili kati ya vinane, na anasema ilikuwa kweli viwili. Zamu ya saa tisa nimemwachia yeye wakati sipo. Cheti chake ameshapewa, kakitia kwenye sanduku, na likizo hii kaomba abaki shuleni kwa shangazi yake mpishi ili safu isiwe tupu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Sijui bwana, kule juu nanyamaza." Redio huyo.

Nilikukasirikia siku tatu. Siku ya nne nikaanza kukuona umekaa na gazeti magotini, na hasira ikawa haina pa kushika. Bado ipo kidogo. Nitakuja nayo.

Nilifika nyumbani asubuhi. Mama alikuwa amezungukwa na mapazia ya mwisho, yale ya jukwaani, mazito, rangi ya zambarau. Jua lilikuwa limeingia mle mpaka chumba kizima kikawa na rangi hiyo, mikono yake, ukuta, hata chai kikombeni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikampa barua tu.

Aliisoma amesimama. Alisoma polepole, akirudi nyuma. Kisha akaketi juu ya kitambaa cha watu, yeye ambaye huniua nikikikanyaga.

"Hajafa," akasema.

"Hajafa, Mama."

"Wala hana mke."

"Hana."

Mguu wake ukafika kwenye kanyagio la cherehani, ukawa unalibonyeza taratibu, sindano inapanda inashuka, haishoni kitu. Nilidhani ataanza kulia, nikasogea. Hakulia. Alisema, "Mpumbavu." Sikujua anamsema nani kati yenu wawili. Akasema tena, "Mpumbavu kabisa," na sauti ikapasuka katikati, hapo nikajua ni Baba.

Tukakaa hivyo mpaka rangi ya zambarau ikahama ukutani. Nilingoja aulize kuhusu miguu, au madaktari, au kiapo chako. Najua wewe pia umekuwa ukiogopa maswali hayo. Mama aliuliza moja tu.

"Nani anamnyoa?"

Nikasema sijui, hukuandika.

"Ngozi yake haitaki mtu mwenye haraka," akasema. "Wakimnyoa vibaya shingo yote inatoka vipele. Tangu tuoane hajanyolewa na mtu mwingine, kila akirudi safari alikuwa anakaa pale mlangoni namnyoa kwanza ndipo anaoga." Nilikuwa mdogo, lakini hilo nakumbuka. Sikujua kwamba lilikuwa jambo.

Akainuka, akakunja mapazia ambayo hayajaisha, akayaweka juu ya kabati. Akaenda dukani mwenyewe, hakunituma. Alirudi na wembe mpya na sabuni, akavifunga kwenye kitambaa safi, akavitia chini kabisa ya mkoba ili visitikisike. Nilimuuliza kama tukifika atamgombeza. Akasema atamgombeza sana, amejiandaa, ana miaka miwili na nusu ya kusema, ila ndevu kwanza.

Tunafika Alhamisi kwa basi la asubuhi, wote wawili. Mama anasema mtu yeyote asimnyoe mpaka hapo.

Mpwa wako